4,294,967,297 si namba tasa

Iandike namba hii ubaoni katika darasa lolote la tuisheni hapa Moshi. Vijana wataijaribu kwa 2, 3, 5, 7, 11 na 13, itagoma kote, na wengi watakata shauri: ni tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Mfaransa Pierre de Fermat, bingwa wa namba wa karne ya 17, naye aliamini hivyo.

Dhana: Mpangilio ukikubali mara tano, utakubali daima

Fermat alichukua 2 kwa vipeo vya 1, 2, 4, 8 na 16, kila mara akijumlisha 1. Akapata 3, 5, 17, 257 na 65,537, zote tasa. Kipeo cha 32 ndicho kinachotupa namba yetu, akaamini nayo ni tasa. Mwaka 1732 mwanahisabati Leonhard Euler akaonyesha kuwa ni 641 × 6,700,417. Mpaka leo hakuna tasa ya sita iliyopatikana katika mfululizo huo.

Dhana: Lazima ujaribu kugawanya mpaka nusu ya namba

Hapana. Vigawo huenda viwili viwili, na kimoja kati yake hakiwezi kuzidi kipeuo cha pili (namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unapata namba yetu), ambacho hapa ni kama 65,536. Tena kuna njia fupi zaidi: kila kigawo tasa cha namba hii, ukikipunguza 1, hugawanyika kwa 64. Kwa hiyo unajaribu 193, 257, 449, 577, kisha 641. Majaribio matano tu, kwa daftari na kalamu!

Uthibitisho kwamba 641 inaigawanya namba yetu naupenda kuliko yote, na ningefurahi kila mwanafunzi auone kabla ya kumaliza kidato cha nne. 641 ni 5 × 2⁷ + 1. Pia ni 625 + 16, yaani 5⁴ + 2⁴. Zidisha 5⁴ + 2⁴ kwa 2²⁸, utapata 640⁴ + 2³², ambayo bila shaka inagawanyika kwa 641. Sasa 640² − 1 ni 639 × 641, na yenyewe ni kigawo cha 640⁴ − 1, kwa hiyo hii pia inagawanyika kwa 641. Toa ya pili kutoka ya kwanza: inabaki 2³² + 1, namba yetu kamili.

Dhana: Namba ikiwa kubwa, vigawo vyake ni vingi

Urefu wa Kibo ni mita 5,895, yaani 3 × 3 × 5 × 131, na namba hiyo ina vigawo 12. Yetu inapita bilioni nne lakini inavyo vinne tu: 1, 641, 6,700,417 na yenyewe.

Dhana: Bila kompyuta, zaidi ya hapo haiwezekani

Inayofuata katika mfululizo wa Fermat, 2⁶⁴ + 1, ina tarakimu 20. Fortuné Landry wa Ufaransa aliipatia kigawo mwaka 1880, kompyuta hazijakuwepo: 274,177.