Sumaku inayoelea, mitetemo, na gharama ya baridi

Michoro ya uvumbuzi ninayoletewa niikague huwa na sura moja. Sumaku imeelea juu ya kipande cha supakondakta, yaani kitu ambacho kikipoa sana hupitisha umeme bila ukinzani wowote, koili za shaba zimeizunguka, na mshale unatoka umeandikwa "umeme". Kwenye kona kuna kijisanduku kidogo kimeandikwa "baridi". Hoja yake ni kwamba hakuna kinachogusana, kwa hiyo hakuna msuguano, kwa hiyo mtetemo wowote wa mashine, daraja au reli utageuka umeme bila kupotea. Mwanzo wa hoja hiyo una ukweli mwingi. Mwisho wake hauna, kwa sababu kuelea kunakolifaa gurudumu linalozunguka hakukifai kwa kiwango hicho hicho kitu kinachopanda na kushuka.

Mwaka 1842 Samuel Earnshaw alionyesha kuwa sumaku za kudumu peke yake haziwezi kukiweka kitu hewani kikatulia. Kitakimbilia pembeni, au kitapinduka. Supakondakta haifungwi na kanuni hiyo. Mwaka 1933 Walther Meissner na Robert Ochsenfeld waligundua kwamba metali ikipoa hadi kuwa supakondakta huufukuza uga wa sumaku (nguvu ya sumaku iliyoenea kuizunguka) kutoka ndani yake. Ila maonyesho mengi ya siku hizi hutegemea jambo lingine zaidi: katika kauri kama YBCO (ya itriamu, bariamu, shaba na oksijeni), iliyogunduliwa 1987 na inayofanya kazi chini ya takriban kelvini 92, yaani nyuzi 181 chini ya sifuri, sehemu ya uga hupenya kama nyuzi nyembamba, na nyuzi hizo hunaswa kwenye dosari za kauri. Zikinaswa, sumaku nayo imenaswa.

Ukitaka kuliona, chukua kidonge cheusi cha YBCO ukiweke kwenye bakuli la povu la plastiki. Juu yake weka kibao chembamba, na juu ya kibao sumaku ya neodimiamu yenye umbo la duara. Mimina naitrojeni ya kimiminika, ambayo huchemka kwenye kelvini 77, yaani nyuzi 196 chini ya sifuri. Mwanzoni inachemka kwa fujo na ukungu mweupe unamwagika kando ya bakuli. Fujo ikitulia, ujue kauri imeshapoa. Chomoa kibao. Sumaku inabaki pale pale ilipokuwa. Isukume kidogo pembeni, inarudi. Inyanyue, kidonge kinanyanyuka pamoja nayo. Sasa izungushe kwa kidole: itazunguka na kuzunguka hadi uchoke kuitazama. Halafu igonge kutoka juu ili ipande na kushuka. Mitetemo hiyo inafifia haraka.

Tofauti hiyo ina sababu yake. Sumaku ya duara iliyotengenezwa vizuri ikizunguka kwenye mhimili wake, kauri iliyo chini haioni badiliko lolote, maana uga unabaki uleule. Ikipanda na kushuka, uga ndani ya kauri unaongezeka na kupungua, zile nyuzi zinalazimishwa kuhama kutoka dosari moja hadi nyingine, na kila zikihama zinaacha joto. Hicho ni kipotezi cha nishati hata kama hakuna kitu kilichoguswa. Mitetemo ikiendelea kwa muda, urefu wa kuelea nao hushuka kidogo kidogo. Sijaona mchoro wa uvumbuzi wenye mshale wa sumaku inayozama.

Ndiyo maana uvumbuzi uliofanikiwa katika eneo hili umekuwa wa mzunguko. Taasisi ya utafiti wa reli ya Japani, RTRI, pamoja na washirika wake walijenga flaiwili, yaani gurudumu zito linalohifadhi nishati kwa kuzunguka, ambayo rota yake (sehemu inayozunguka) imebebwa na beringi ya supakondakta. Rota ina uzito wa takriban tani 4, na mfumo ulisanifiwa kwa kilowati 300 na kilowati-saa 100. Pale hesabu ya gharama ya baridi inakubali, kwa sababu kinachookolewa ni nishati nyingi na mashine ni moja. Treni ya L0 ya huko huko, inayoelea kwa sumaku na iliyofika kilomita 603 kwa saa Aprili 2015, huletwa sana kama ushahidi wa mambo haya, lakini njia yake ni nyingine: koili za supakondakta zilizo ndani ya treni huamsha mikondo ya umeme katika koili za ukutani inapopita kwa kasi. Ikienda polepole inatembea kwa magurudumu ya mpira kama gari lolote.

Turudi kwenye mitetemo, maana hapa hesabu ndiyo inayoamua. Kifaa cha kuvuna mtetemo ni uzito uliofungwa kwenye springi, ya chuma au ya sumaku, na koili inayochukua umeme uzito unapocheza. Tuseme uzito ni gramu 50, mashine inatetemeka kwa hezi 50, yaani mara 50 kwa sekunde, na kilele cha mchapuko (jinsi kasi inavyobadilika) ni mita 1 kwa sekunde mraba, kiasi ambacho mota iliyochoka kidogo hukifikia. Kiwango cha ufifishaji, yaani jinsi mtetemo unavyonyang'anywa nishati, kikiwa asilimia 1, nusu yake ikiwa ni umeme unaovunwa, unapata karibu miliwati 2, na uzito unacheza nusu milimita kila upande. Zinatosha kihisi kidogo kinachotuma taarifa mara moja moja kwa redio.

Punguza ufifishaji mara kumi, kama anavyoahidi mwenye supakondakta. Sasa unapata miliwati 20 na uzito unacheza milimita 5. Inavutia. Lakini upana wa masafa (idadi za mitetemo kwa sekunde) ambao kifaa kinauitikia umeshuka kutoka hezi 1 hadi hezi 0.1. Mota ya indaksheni yenye ncha mbili, kwenye umeme wa hezi 50, huzunguka karibu mara 2,990 kwa dakika ikiwa haina mzigo, na labda 2,950 ikibeba mzigo. Hiyo ni kutoka hezi 49.8 hadi 49.2. Kifaa cha kwanza, kikipangwa katikati, kinaendelea kufanya kazi mzigo ukibadilika. Cha pili kinalala fofofo mara tu mtu anapowasha pampu ya jirani.

Kwa hiyo katika fani hii kupunguza upotevu si tatizo kuu. Tatizo ni kwamba mitetemo ya dunia haitulii kwenye namba moja. Njia ninayoipenda zaidi ni rahisi na haihitaji baridi: bomba, sumaku mbili zilizofungwa kwenye ncha zake, na ya tatu katikati ikisukumwa na zote mbili. Brian Mann na Neil Sims waliichambua mwaka 2009. Kadiri sumaku ya kati inavyokaribia ncha, ndivyo inavyosukumwa kwa ukali zaidi, na ukali huo unaoongezeka hulifanya itikio lake lienee kwenye masafa mengi. Earnshaw bado anadai chake: kuta za bomba lazima ziizuie isikimbilie pembeni, na hapo msuguano upo. Naulipa kwa moyo mweupe.

Kile kijisanduku cha kona, cha baridi, nacho kina bei. Kutoa wati 1 ya joto kutoka kelvini 77 hadi kwenye chumba cha kelvini 300, fizikia yenyewe inadai angalau wati 2.9 za kazi, na mashine ndogo za kupozea hudai zaidi ya 10. Ukitumia naitrojeni ya kimiminika badala ya mashine, kila wati ya joto inayovuja ndani inachemsha zaidi ya nusu lita kwa siku. Chombo kidogo chenye kuta za ombwe kinaweza kuvuja wati nzima bila aibu. Weka hilo mbele ya miliwati 20.

Mahali pekee ninapoona wazo hili likisimama ni pale ambapo baridi imeshalipiwa na mtu mwingine kwa sababu nyingine: tangi la haidrojeni ya kimiminika, lililo kwenye kelvini 20, au chombo cha sumaku kubwa ya supakondakta. Kihisi cha ndani kinachojitegemea kwa umeme kina thamani, kwa kuwa kila waya wa shaba unaoingia kutoka nje hubeba joto pamoja na ishara. Mtetemo unaovunwa humo ungegeuka joto kwa vyovyote.

Ukisanifu kitu cha namna hiyo, angalia fremu. Kwenye kelvini 77 ukinzani wa shaba hushuka hadi karibu moja ya nane, na koili yako inafurahia. Alumini ya fremu nayo inapitisha umeme vizuri zaidi, kwa hiyo mikondo inayoamshwa ndani yake na sumaku inayocheza inakua, na inakula kile kile ulichotaka kuvuna. Tengeneza fremu kwa faibaglasi, na weka metali yoyote isiyo ya lazima mbali na njia ya sumaku.