Mashine ya ukungu haitoi moshi

Oktoba ikiingia, wanaopamba nyua zao kwa ajili ya Halloween, sikukuu ya vinyago na vitisho ya mwisho wa mwezi huo, huanza kuulizana kuhusu "mashine ya moshi": ipi nzuri, ya ukubwa gani, haitaleta moto? Swali la mwisho linatokana na jina lenyewe, na ndiyo maana jina hilo linanikera. Mashine hiyo haitoi moshi. Inatoa ukungu, na anayechanganya viwili hivyo huishia kuogopa lisilo hatari na kulala usingizi penye hatari yenyewe.

Maana yake kwa kifupi: ni kifaa cha umeme kinachochemsha majimaji maalumu mpaka yawe mvuke, kisha kinautoa mvuke huo kwenye hewa ya baridi zaidi, ambako hugeuka matone madogo mno yanayoelea. Basi.

Sasa tuje kwenye tofauti. Moshi hutoka kwenye kitu kinachoungua. Ndani yake mna masizi na gesi, pamoja na kaboni monoksaidi inayoua watu kimyakimya. Ukungu ni matone ya majimaji yaliyoning'inia hewani, hakuna kilichoungua. Na mvuke, ambao nao huingizwa humu kimakosa, hauonekani kabisa kwa macho. Tazama mdomo wa birika linalochemka: kabla weupe haujaanza kuna pengo dogo lisilo na kitu. Pengo hilo ndiyo mvuke. Weupe unaofuata ni matone, yaani ukungu.

Mashine inafanya hivyohivyo. Pampu inasukuma majimaji kwenye kipande cha chuma kilichopashwa joto kupita nyuzi 200 za Selsiasi. Majimaji hayo ni maji yaliyochanganywa na glikoli au gliserini, vimiminika vizito visivyokauka upesi, na ndiyo maana ukungu wake unadumu hewani kuliko ule wa birika. Ukitaka ushahidi, angalia sakafu mbele ya mdomo wa mashine baada ya saa moja ya kazi: utakuta doa la unyevu wenye utelezi. Moshi haulowanishi sakafu.

Watu wa filamu wana udhuru wa kuchanganya. Mwaka 1985, Academy ya Marekani, ile inayotoa tuzo za Oscar, ilimtuza Günther Schaidt pamoja na kampuni ya Rosco kwa majimaji bora yasiyo na sumu ya kutengenezea ukungu na moshi katika filamu, na kwenye skrini ukungu uleule huigiza moshi wa nyumba inayoteketea. Wewe unayepamba makaburi ya boksi mbele ya mlango huna udhuru huo.

Hata hivyo, ipo siku mashine itatoa moshi wa kweli. Gliserini ikipashwa joto kupita kiasi huvunjika na kutoa akrolini, kemikali inayochoma macho na koo. Majimaji yasiyofaa nayo huungua juu ya chuma cha moto. Ukiona weupe umegeuka kijivu au manjano na kunuka kitu kilichoungua, zima, chomoa, acha ipoe. Usimimine mafuta, manukato wala mchanganyiko wa kubuni, na kipoza injini cha gari kisikaribie hata tangi, kwani kwa kawaida kina ethilini glikoli, aina ya glikoli iliyo sumu. Tumia majimaji yaliyotajwa kwenye kijitabu cha mashine yako.

Ukishaelewa kwamba unachonunua ni hita na pampu, kuchagua kunakuwa rahisi. Wati zinazoandikwa kwenye boksi ni nguvu ya hita, hazipimi wingi wa ukungu moja kwa moja. Mashine ya wati 400 hupuliza kidogo kisha hukaa kimya ikitafuta tena joto; kwa kona ya mlango inatosha. Uwanja ulio wazi unahitaji wati 1,000 au zaidi, kwa sababu upepo ndio adui mkubwa wa shughuli hii. Jioni tulivu yenye unyevunyevu hufanya mashine ndogo ionekane kubwa, na upepo wa wastani hufuta kazi ya mashine kubwa kabla hujageuka. Iweke upande upepo unakotoka, nyuma ya kichaka au ukuta mfupi, na ununue majimaji ya ukungu mzito unaodumu. Zile mashine zinazotoa utando mwepesi wa kuonyesha miale ya taa waachie wenye kumbi. Nje ni hasara.

Kuna wanaonunua wakitarajia ukungu utambae chini kama makaburini usiku, kisha wanarudisha mashine wakisema ni mbovu. Si mbovu. Ukungu unaotoka kwenye chuma cha moto una joto, na chenye joto hupanda. Ili utambae lazima upoozwe: upitishe kwenye boksi lililojaa barafu ya kawaida, uingie upande mmoja na kutokea mwingine kupitia bomba pana. Utashuka na kukaa chini mpaka upate joto au upeperushwe.

Na hapa ndipo penye mchanganyo unaonitisha kuliko wote. Wapo wanaosikia "barafu" na kwenda kutafuta barafu kavu, wakidhani ni njia nyingine ya kupata kitu kilekile. Barafu kavu ni dayoksaidi ya kaboni iliyogandishwa, yenye baridi ya nyuzi 78.5 chini ya sifuri. Ukiitia kwenye maji ya moto unapata weupe mzuri unaotambaa, na weupe huo kweli ni matone ya maji, lakini pamoja nao inatoka gesi nzito kuliko hewa ambayo huioni. Kilo moja hutoa karibu nusu mita ya ujazo ya gesi, na gesi hiyo, inayosukuma nje hewa ya kupumua, hujikusanya mabondeni, kwenye mashimo na katika vyumba vya chini, mahali ambapo mtoto aliyechuchumaa anapumulia. Ishike kwa glovu nene, usiifungie kwenye chombo kisichopitisha hewa kwa sababu kitapasuka, na usiisafirishe ndani ya gari lililofungwa vioo.

Mashine ya kawaida haina hatari hiyo, ina zake. Mdomo wake unaunguza hata dakika kadhaa baada ya kuzimwa, na mara nyingi huendelea kutema matone ya moto pampu ikiwa imeshanyamaza. Mapambo ya Halloween yamejaa majani makavu, nyasi na vitambaa vyepesi, kwa hiyo mashine ikae juu ya kitu kigumu kilicho bapa, mbele pakiwa wazi, mahali watoto wanaopita nyumba kwa nyumba kuomba peremende hawawezi kuigusa. Nyingi hazikutengenezwa kunyeshewa. Tumia ekstensheni ya nje na soketi yenye kinga inayokata umeme ukivuja. Kwa umeme wa volti 120 wa Marekani, mashine ya wati 1,000 inavuta zaidi ya ampea 8, basi usiibandike na taa zote na feni za kujaza mapambo hewa kwenye waya mmoja.

Usiuelekeze ukungu kwenye ngazi wala barabarani; mtoto aliyevaa kinyago tayari anaona nusu tu. Glikoli hukausha koo, na mwenye pumu anaweza kubanwa kifua, kwa hiyo acha njia moja ya kufika mlangoni isiyopita katikati ya ukungu. Vigunduzi vya moto vinavyotumia mwanga huona matone kama vinavyoona masizi na vitalia ukungu ukiingia ndani, kwa hiyo hamisha mashine badala ya kung'oa betri za vigunduzi.

Wauzaji nao huandika "mashine ya moshi" kwenye matangazo, na sitegemei waache mwaka huu. Ila unapomweleza jirani kitu ulichoweka uani, mwambie ni ukungu, na kama ni barafu kavu mtajie hilo kwa jina lake. Mwenye mtoto wa kumpitisha hapo anahitaji kujua ni kipi kati ya hivyo viwili.