Mikwaruzo ya umeme redioni: maana yake na inakotoka

Ukifungulia redio ya mawimbi mafupi ukiwa mjini, karibu na megahezi 7, kitu cha kwanza kukulaki ni mkoromo: zzzz mfululizo, unaofunika kila sauti. Hiyo ndiyo mikwaruzo ya umeme, yaani mawimbi ya redio yanayotolewa na vifaa vya umeme bila kukusudiwa, yakavamia masafa ambayo watu wanasikilizana.

Mtazamaji wa runinga hata hajui kama ipo. Anayeumia ni mtu wa redio ya ridhaa: yule mwenye leseni ya mamlaka ya mawasiliano ya nchi yake (TCRA kwa Tanzania, Mamlaka ya Mawasiliano kwa Kenya), anayeongea na wenzake wa mbali kwa mapenzi tu, bila biashara. Yeye anawinda sauti hafifu. Kwenye mita yake ya S, kipimo cha redioni kinachoonyesha nguvu ya mawimbi yanayoingia, kila daraja ni volti mara mbili ya lile la chini yake. Kwa hiyo kelele ikiwa S7 nyumbani kwako na S3 kwa mwenzako aliyeko shamba, yako ina volti mara 16 ya yake. Ukiongeza sauti, kelele inapanda nayo. Ukiongeza nguvu ya kurusha, wenzako watakusikia na wewe utabaki kiziwi.

Chanzo kikubwa siku hizi ni adapta ndogo nyepesi na jamaa zake: chaja ya simu, ving'amuzi, taa za LED, inveta. Chaja za zamani zilikuwa nzito kama tofali kwa sababu ya transfoma ya chuma. Hizi za sasa hukatakata umeme makumi elfu ya mara kwa sekunde ili zitumie transfoma ndogo, na kila mkato mkali huzaa vizidishi vyake, yaani mawimbi ya masafa mara mbili, mara tatu na kuendelea ya kasi ya mkato. Tuseme chaja inakata kwa kilohezi 65. Kizidishi cha 108 kinaangukia kilohezi 7,020, cha 109 kwenye 7,085, cha 110 kwenye 7,150. Vyote vitatu vimo ndani ya bendi yetu ya mita 40, yaani masafa ya karibu na megahezi 7 tuliyotengewa watu wa ridhaa! Ukizungusha kitufe ukakuta vilima vya kelele vilivyopishana kwa nafasi sawa, umeshapata alama ya vidole ya mwizi.

Chaja yenyewe ni ndogo mno kurusha mawimbi marefu hivyo. Kinachorusha ni waya wake na nyaya za ukutani, ambazo zinageuka antena. Kiwanda makini huweka filta ya kuzuia hilo. Chaja ya bei ya kutupa, mara nyingi filta hiyo ndiyo ya kwanza kuachwa.

Msako unaanza nyumbani kwako, hata kama roho inakuambia ni jirani. Washa redio kwa betri ya volti 12, kisha zima swichi kuu. Kelele ikifa, washa breka moja moja hadi irudi, halafu chomoa kifaa kimoja kimoja kwenye mkondo huo. Kuzima kwa swichi ya kifaa hakutoshi, chomoa kabisa.

Jaribio hili lina mtego, na mimi nilinaswa. Nilizima swichi kuu, kelele ikabaki, nikamhukumu jirani kimoyomoyo wiki mbili nzima. Kisha siku moja wingu likapita juu, mkoromo ukalegea. Wingu likaondoka, ukarudi. Ilikuwa kontrola ya sola, kile kifaa kinachosimamia chaji ya betri, juu ya paa langu mwenyewe, ambayo haina habari na swichi kuu.

Ukishamjua, tiba ya kweli ni kubadilisha kifaa. Kama haiwezekani, tumia feraiti, kile kinundu cheusi unachokiona kwenye waya wa skrini ya kompyuta. Watu wanabana kimoja kwenye waya na kulalamika hakisaidii. Kwa megahezi 7, waya uliopita mara moja tu ndani ya feraiti hauzuii kelele sana. Chukua pete kubwa, uzungushe waya mara nane au kumi karibu kabisa na kifaa. Uzuiaji hukua takriban kwa kipeo cha pili cha mizunguko. Usifungue adapta: kapasita ya ndani, kijenzi kinachohifadhi chaji, hushika mamia ya volti hata baada ya kuchomolewa. Antena nayo isogeze mbali na nyumba. Umbali wa mita kumi tu unaweza kuonekana kwenye mita ya S.

Kelele ikiwa ya nje, chukua redio ndogo ya AM. Ndani yake kuna kijiti cha feraiti, kwa kawaida kimelala kufuata urefu wa redio. Izungushe taratibu: kelele inapozama zaidi, ncha ya kijiti inaelekea chanzo, mbele au nyuma yako. Rudia ukiwa mahali pengine. Mistari miwili inakutana kwenye nyumba, au kwenye nguzo.

Nguzo ina sauti yake: mkaangizo mkavu wa mapigo 100 kwa sekunde, kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50 na cheche hurukia kila kilele. Bolti iliyolegea hunyamaza mvua ikinyesha. Vikombe vya nguzo, vile vinavyoshika waya, vikiwa na chumvi ya bahari hufanya kinyume, vinachachamaa umande ukishuka. Usiigonge nguzo wala kuitikisa. Andika namba yake, saa na hali ya hewa, uwapelekee wenye umeme wao.