Flashi mpya haitaiponya PS2 yako

Mwezi uliopita kijana mmoja wa mtaani kwetu alikuja na flashi mpya, ya GB 128, ile yenye ulimi wa bluu ndani. Alikuwa ameinunua mahsusi kwa ajili ya PS2 yake. "Kaka, hii ni USB 3.0. Zile video za mwanzo sasa hazitakwama tena." Nikamwekea gemu yake ya mpira, tukachomeka, tukakaa. Video ya ufunguzi ikaanza kukatakata vilevile, sauti ikitangulia, picha ikifuata kwa kuchechemea. Akaichomoa flashi akaigeuzageuza kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Hakuuziwa kitu kibovu. Aliambiwa jambo lisilo kweli, na hakuwa wa kwanza. Tangu lenzi za kusomea diski za PS2 zianze kufa na watu wahamie kwenye flashi, nimesikia maelezo ya kila aina, na karibu kila moja humfanya mtu atoe hela kwa kitu kisichohusika na tatizo lake.

Kwa asiyejua tunazungumzia nini: PlayStation 2 ilitoka Japani Machi 2000, ikauzwa zaidi ya milioni 155 duniani, na Sony wakaacha kuitengeneza mwanzoni mwa 2013. Mashine iliyobaki leo ina umri mkubwa, na kinachotangulia kuchoka ni lenzi. Ndipo zinapoingia programu za wapenzi wa mashine hizi, ambazo Sony hawana mkono ndani yake. Unachomeka memori kadi iliyowekwa Free McBoot, yenyewe inakufungulia Open PS2 Loader, ambayo wengi wanaiita OPL, na OPL inasoma nakala ya diski iliyo kwenye flashi huku ikiiaminisha gemu kwamba diski iko ndani ya mashine.

"Ukipata flashi ya kasi, gemu haitakwama"

Hii ndiyo dhana inayokula hela za watu kuliko zote.

Matundu mawili ya USB yaliyo mbele ya PS2 ni ya USB 1.1. Mwisho wake ni megabiti 12 kwa sekunde. Gawa kwa 8, unapata megabaiti 1.5, na hiyo ni ya kwenye karatasi. Kwenye matumizi halisi unabaki na megabaiti moja hivi kwa sekunde. Kisomea DVD cha mashine hiyohiyo, kikiwa kizima, kinafika megabaiti 5 na kitu. Kwa hiyo hata flashi ya kasi kuliko zote sokoni, ukiichomeka pale, inatembea kwa mwendo wa tundu. Ukibadilisha tenki la lita 500 ukaweka la lita 5,000 na bomba likabaki lilelile la nusu inchi, ndoo yako itajaa kwa muda uleule.

Kuna na jambo la pili ambalo wengi hawalijui. USB haishughulikiwi na prosesa kubwa ya PS2. Inashughulikiwa na prosesa ndogo ya pembeni, ambayo asili yake ni prosesa ya PlayStation ya kwanza, na hiyohiyo ndogo ndiyo inayohudumia pedi, memori kadi na mambo ya sauti. Ikibebeshwa na mzigo wa flashi, inakuwa kama konda ambaye pia ndiye anayefungua mlango na kubeba mizigo ya abiria.

Sasa mbona mechi yenyewe inachezeka vizuri? Kwa sababu uwanja, wachezaji na jezi vimeshapakiwa kwenye memori ya ndani, ambayo ni MB 32 tu. Ukitaka kuijaza yote kwa flashi utangoja kama nusu dakika. Kwa diski nzima, sekunde sita au saba. Baada ya hapo mashine inajitegemea. Kinachoteseka ni vile vitu vinavyosomwa mfululizo wakati gemu inaendelea: video, muziki mrefu, na kwenye baadhi ya gemu za mpira sauti ya mtangazaji, ambaye anaweza kutaja mfungaji wakati mpira umesharudishwa katikati.

Flashi ikiwa mbaya kweli itakuongezea shida, sikatai. Zipo zilizoandikwa GB 64 ilhali ndani zina 8. Unanakili gemu kumi na tano, zinaonekana zote, ukizifungua tatu zinakubali na nyingine zinakupa skrini nyeusi. Programu ya H2testw kwenye kompyuta itakuumbulia flashi kama hiyo. Lakini flashi nzima ya kawaida, ya USB 2.0, itakupa kilekile alichopata kijana wangu kwenye ile yenye ulimi wa bluu.

"Gemu inayozidi GB 4 haikai kwenye flashi"

Nusu kweli. Fomati ya FAT32, yaani mtindo wa zamani wa kupanga mafaili kwenye flashi, haikubali faili moja linalofika GB 4, na DVD ya kawaida ya PS2 inaweza kubeba hadi 4.7. Ila tangu zamani kuna njia ya kulikata faili vipande vya GB moja moja kwa programu kama USBUtil. Vipande hivyo vina majina yanayoanza na herufi ul, na pembeni yake linakaa faili dogo liitwalo ul.cfg, ambalo ndilo daftari la mahudhurio. Watu wanaliona dogo, wanalifuta. Wakirudi kwenye OPL, orodha tupu! Gemu zipo, nafasi imejaa, lakini aliyekuwa anaita majina hayupo. Vilevile usibadilishe jina la vipande hivyo kwa mkono kwenye kompyuta. Ndani ya jina la faili kuna hesabu iliyotokana na jina la gemu, na vikipishana OPL haioni kitu. Badilisha kwa programu uliyokatia.

Matoleo mapya ya OPL yanasoma exFAT, fomati mpya zaidi isiyo na kikomo hicho, kwa hiyo faili zima linakaa bila kukatwa. Basi kabla ya kubishana na mtu, muulize anatumia toleo gani. Ubishi mwingi niliousikia ulikuwa kati ya watu wawili wanaosema kweli wote, mmoja ana OPL ya zamani, mwingine ana mpya.

"Imekubali kunakili, basi imekaa sawa"

Ukiwa unafuta gemu na kuongeza nyingine mara kwa mara, flashi inabaki na mapengo. Gemu mpya ikija kompyuta inaijaza humo vipande vipande, na kompyuta haioni shida. OPL ya zamani inaona, maana inataka faili lilale mfululizo kama kanga iliyokunjuliwa. Ukichagua gemu inakataa na kukueleza kwamba faili limetawanyika, na mwenye mashine anaenda kutafuta nakala nyingine ya gemu ileile, anarudi, anapata jibu lilelile.

Dawa yake haina ufundi. Hamisha kila kitu kwenye kompyuta, fomati flashi, halafu rudisha gemu moja baada ya nyingine, siyo zote kwa mkupuo.

"PS2 inayosoma flashi imechokonolewa ndani, siku moja itakufa"

Mama mmoja aliniletea PS2 ya wanawe kwenye mfuko wa rambo, waya zote zimezungushiwa vizuri. "Fundi, hii imekufa. Jana ilikuwa inacheza." Nikaiwasha. Ikawaka, ikaleta menyu ya kawaida ya Sony. Haikuwa imekufa hata kidogo. Nikafungua memori kadi: haina kitu, nyeupe. Mtoto wa mwisho alikuwa ameifomati akitafuta nafasi ya kuhifadhi gemu yake, na Free McBoot ikaondoka na vingine.

Hapo ndipo penye kuchanganya mambo. Kuchipu ni kuchomelea chipu kwenye ubao wa mashine. Mambo ya flashi hayagusi ubao. Kila kitu kiko kwenye memori kadi, na ukiichomoa mashine ni ileile iliyotoka kiwandani. Nilimwekea kwenye kadi nyingine, akaenda zake. Alichouliza mlangoni ni kama nayo inaweza kufomatiwa. Nikamwambia ndiyo, mama, ficha.

Na usidhani unaweza kunakili Free McBoot kutoka kadi hii kwenda ile kama unavyonakili wimbo. Inafungwa na usimbaji wa kadi husika, inabidi isakinishwe upya kwa kisakinishi chake. Baadhi ya kadi za bei chee hazina usimbaji huo, nazo hazitakubali hata ukeshe.

Kuna pia kundi la mashine zisizokubali kabisa. Geuza PS2 nyembamba, soma nyuma. Ikiwa namba inaanza na SCPH-900, ni toleo la mwisho, na zile zilizotengenezwa baadaye katika toleo hilo Sony waliziba mlango ambao Free McBoot hupitia. Hapo kadi haina kosa. Mwaka 2020 mtafiti anayejulikana kwa jina la CTurt alitoa FreeDVDBoot, inayopitia kwenye kicheza DVD: unachoma diski moja, unaiweka, programu zinafunguka bila kadi maalumu. Kichekesho chake ni kwamba inahitaji lenzi nzima, na wengi wetu tulihamia kwenye flashi kwa sababu lenzi imekufa.

"Flashi ikipotea, ligi yangu imepotea"

Hapana. Ligi, pesa za wachezaji na ngazi ulizopita vinaandikwa kwenye memori kadi, ile ya MB 8. Flashi ina gemu tu. Isipokuwa wewe mwenyewe uliingia OPL ukatengeneza memori kadi ya bandia inayokaa ndani ya flashi. Hapo ukiichomoa katikati ya kuhifadhi usimlaumu mtu.

"Washa modi zote, itakubali tu"

OPL ina modi kadhaa za kusaidia gemu korofi: moja inabadilisha namna ya kusoma data, nyingine inaruka video, nyingine inaigiza DVD yenye tabaka mbili. Watu wanaziwasha zote kama anayemeza vidonge vya kila rangi. Kila modi imewekwa kwa ajili ya tatizo fulani, na ukiiwasha pasipohitajika inaweza kuzuia gemu ambayo ingecheza yenyewe. Anza na zote zimezimwa. Ikikataa, jaribu moja. Ya kuruka video, kwa mfano, ni nzuri sana kwa gemu inayoganda kwenye video ya mwanzo na huna haja nayo.

"Diski ya nje ya TB 1 PS2 haiwezi kuisoma"

Mara nyingi inaweza. Tatizo huwa ni umeme: tundu lile linatoa miliampia 500, na diski ya kuzunguka inahitaji zaidi wakati inaamka. Ukisikia tik, tik, tik, inaomba chakula. Ipe umeme wake. Na hakikisha imegawanywa kwa mtindo wa zamani wa MBR.

"Ni bakapu, kwa hiyo ni halali" (au: "programu zenyewe ni haramu")

Wote wawili wanakimbilia jibu fupi. OPL ni programu huria, msimbo wake uko wazi, na ndani yake hamna gemu hata moja. Gemu ni mali ya kampuni iliyoitengeneza. Kutoa nakala ya diski yako mwenyewe kabla haijachunika ni jambo ambalo sheria za nchi hazilitazami kwa jicho moja. Lakini flashi inayouzwa dukani ikiwa na gemu sitini ndani, ambazo muuzaji hakununua hata moja, haiwi bakapu kwa kuitwa bakapu, na kibanda kinacholipisha wachezaji kwa nakala hizo kina maswali ya kujibu kwa taasisi za hakimiliki, COSOTA hapa Tanzania au KECOBO kule Kenya. Kama una diski zako halisi, kompyuta yenye kisomea DVD cha kawaida inazinakili bila tabu. Zile zenye mgongo wa bluu ni CD, nazo zinakwenda kwenye folda ya CD. Za fedha ni DVD, folda ya DVD.

"Basi hakuna njia, video zitakwama milele"

Kijana wa flashi alirudi baada ya wiki mbili, safari hii na laptopu ya kaka yake iliyovunjika bawaba. PS2 yake ni nyembamba, na PS2 nyembamba zina tundu la waya wa mtandao kwa nyuma, ambalo watu wengi hawajawahi kulichomeka kitu tangu wanunue. Tundu hilo lina kasi kubwa kuliko USB. Tukaunganisha waya mmoja kati ya mashine na laptopu, tukaweka gemu kwenye folda ya kushirikisha, tukajaza namba za anwani pande zote mbili. Ikakataa. Tukahangaika karibu saa nzima, kumbe OPL inatumia SMB ya kwanza, njia ya zamani ya kompyuta kushirikishana mafaili kwa mtandao, ambayo Windows 10 huja imeizima. Tukaiwasha kwa ajili ya ile laptopu tu, ambayo haiingii intaneti.

Video ya ufunguzi ikapita moja kwa moja, sauti na picha pamoja. Aliiangalia mpaka mwisho bila kugusa pedi, kisha akairudia.

Flashi yake ya bluu sasa iko kwa mama yake, ina nyimbo za kwaya.