Sargeras, Arthas na mkono uliotenda

Kila asili ya adui mkubwa inapoandikwa upya katika Warcraft, mfululizo wa gemu za kampuni ya Blizzard, mashabiki wakapiga kelele, hakosekani mtu wa kusema kwamba hawa ni wazee wa gemu wanaolilia utoto wao. Mimi nafundisha fasihi simulizi hapa Mombasa, na gemu hizi nimezicheza tangu enzi za saiba. Kauli hiyo siikubali. Asili ya Sargeras imeandikwa upya zaidi ya mara moja, na ghadhabu haikuwa ya aina moja kila mara. Ukizitazama hasira hizo moja moja, utaona mashabiki wanalinda kitu mahususi, na kitu hicho si kumbukumbu za ujana.

Kwa asiyemjua, Sargeras ndiye aliyeunda Burning Legion, jeshi la mashetani linalotoka dunia hii hadi ile likiteketeza. Kabla ya hapo alikuwa shujaa wa Titani, miungu waliokuwa wakizipanga sayari ziwe na utaratibu, naye kazi yake ilikuwa kuzilinda. Swali lote ni hilo: mlinzi aligeukaje kuwa mteketezaji?

Jibu la kwanza lilikuwa katika kijitabu cha maelezo kilichokuja na Warcraft III mwaka 2002. Sargeras anapambana na eredar, wachawi wakubwa, kisha na nathrezim, mashetani wanyonyaji. Anawashinda na kuwafungia. Lakini uovu alioushuhudia unamwachia huzuni isiyoondoka, hadi anaanza kuamini kwamba utaratibu wanaoupigania Titani ni upuuzi mtupu. Mwisho anawafungulia wale wale aliowafunga. Hakuna aliyemlazimisha, na ndiyo maana hadithi hiyo fupi inatisha.

Mwaka 2006, toleo la nyongeza la The Burning Crusade likiwa njiani, ilijulikana kwamba jamii mpya ya draenei ni eredar waliotoroka. Sasa eredar wakawa watu wastaarabu wa sayari ya Argus, na Sargeras ndiye aliyewaendea kuwapotosha. Aliyepotosha na aliyepotoshwa walikuwa wamebadilishana nafasi, na mashabiki waliliona jambo hilo papo hapo. Chris Metzen, aliyekuwa akisimamia hadithi, alikiri hadharani kwamba maelezo ya zamani aliyaandika yeye mwenyewe na akayasahau. Kelele zilikuwa kubwa, lakini zilitulia, na sidhani zilitulia kwa sababu ya kukiri huko tu. Hadithi mpya ilitupa kitu. Viongozi watatu, Velen, Kil'jaeden na Archimonde, wanaletewa ahadi moja ya nguvu. Wawili wanaipokea, mmoja anakimbia na watu wake. Kila mmoja alichagua mwenyewe.

Badiliko la pili lilikuja Machi 2016, katika juzuu ya kwanza ya Chronicle, vitabu vya historia ya ulimwengu wa Warcraft. Humo nathrezim mmoja aliyetekwa anamfichulia Sargeras kuhusu mabwana wa Utupu, nguvu ya giza iliyo adui wa Titani, wanaotafuta sayari ambayo Titani mchanga amelala ndani yake ili wamgeuze awe wao. Sargeras anaikuta sayari ya namna hiyo tayari imeoza. Anaipasua kwa upanga, Titani mchanga akafa humo. Wenzake wanashtuka, wanamlaumu, naye anajitenga. Hapo ndipo anapofikia uamuzi wake: heri uhai wote uteketee kuliko Utupu uutwae.

Toleo hili liliwagawa watu. Nimekaa barazani Kibokoni nikasikia vijana wakibishana hadi wazee wa kahawa wakauliza ni mgombea gani wa ubunge anayezungumziwa. Upande mmoja ulisema adui amefanywa mwema, amepewa hoja, hofu yake imekwisha. Upande wa pili ulisema sasa ndipo alipokuwa mtu kamili. Mimi niko na wa pili. Titani wenzake nao waliambiwa habari za Utupu, wala hawakuanza kuchoma dunia. Kutoka kwenye hofu ile hadi kuunda Legion pana pengo, na aliyeliruka ni Sargeras peke yake. Amepewa sababu, hajapunguziwa hatia. Kwa mwandishi wa hadithi, hilo ndilo gumu, na walilipata.

Shadowlands, toleo la nyongeza lililotoka Novemba 2020, ndiyo iliyowasha moto usiozimika hadi leo, na hapa inabidi nimtaje Arthas.

Pwani hii Arthas ana uzito wake. Nyaya za baharini zilifika Mombasa mwaka 2009. Kabla ya hapo intaneti ilikuwa ya setilaiti, ya kusubiri barua pepe ifunguke, si ya kuchezea gemu kwenye seva za Ulaya. Wengi wetu tuliijua Warcraft III bila mtandao: kompyuta moja, vijana wanne nyuma ya kiti, na hadithi ya Arthas, mwana wa mfalme. Katika mji wa Stratholme, nafaka yenye tauni imekwisha kuliwa na wakazi watageuka maiti zinazotembea. Arthas anaamua kuwaua wote kabla hawajageuka. Uther, mwalimu wake, anakataa. Jaina, mchawi aliyekuwa mpenzi wake, anaondoka. Kisha gemu inakukabidhi wewe kazi hiyo. Unabofya nyumba, wakazi wanatoka, unawaua. Huwezi kusonga mbele bila kufanya hivyo. Baadaye anauchukua upanga wa Frostmourne huku ameshaonywa kwamba umelaaniwa, anarudi nyumbani, na anamuua baba yake mbele ya kiti cha enzi.

Shadowlands ikaja kutueleza kwamba Frostmourne na kofia ya Lich King, mfalme wa maiti ambaye Arthas alikuja kuwa, vilitengenezwa kwa ajili ya Zovaal, yule Jailer anayetawala gereza la wafu, na kwamba njia ile yote ilikuwa sehemu ya mpango wake. Mwaka 2022 tukaonyeshwa kilichosalia cha roho ya Arthas, cheche ndogo, nayo ikatoweka. Nathrezim nao, ambao mmoja wao ndiye aliyemfungua macho Sargeras, wakawa majasusi wa Denathrius, mmoja wa watawala wa nchi ya wafu, waliopandikizwa kila upande. Kwa pigo moja, waliochagua wakawa watu waliosukumwa.

Kijana mmoja aliniambia, "Mwalimu, wametunyang'anya Arthas." Nilimwelewa mara moja. Alichonyang'anywa ni ile mibofyo ya Stratholme. Kwa miaka mingi alikuwa amejiuliza kama alifanya sawa, na sasa anaambiwa kulikuwa na mwingine nyuma ya yote.

Katika fasihi yetu mfano uko wazi. Fumo Liyongo hakuuawa na askari wa Pate. Alichomwa kitovuni kwa sindano ya shaba na mwanawe mwenyewe. Nyuma ya mwana yupo mfalme, aliyemshawishi kwa ahadi kubwa. Nimesikia visa vingi vya Liyongo kutoka Lamu hadi hapa. Vinahitilafiana kuhusu minyororo, kuhusu gungu la siku ya kutoroka, hata kuhusu nani alianza uadui. Lakini sijamsikia mtambaji aliyeugusa mkono wa mwana. Mfalme anaongezwa ujanja kadiri mtambaji apendavyo, na bado mtoto ndiye anayeingia chumbani, anayemtazama baba yake amelala, anayechoma. Wasikilizaji hawangekubali vingine, nao ndio waliokisahihisha kisa hicho karne hadi karne. Wachezaji wa Warcraft hawana nafasi hiyo. Hadithi ina mwenyewe, naye akisema toleo la jana limefutwa, limefutwa.

Sababu ya Blizzard kufanya hivi naielewa. Kila toleo la nyongeza linahitaji adui mpya, na adui mpya hana historia na mchezaji. Njia ya mkato ni kumweka nyuma ya yule wa zamani na kusema ndiye aliyekuwa akivuta kamba. Anakuwa mkubwa kwa siku moja, lakini ukubwa huo amenyang'anywa mtu mwingine. Zovaal hakuweza kunitisha hata kidogo, na Arthas akapungua bure.

Metzen aliondoka Blizzard mwaka 2016, akarejea, na mwaka 2023 ndiye aliyesimama jukwaani BlizzCon, mkutano wa mashabiki wa Blizzard, kutangaza matoleo matatu yanayofuatana: The War Within, Midnight na The Last Titan. Hilo la tatu linaahidi kutueleza ukweli kuhusu Titani, kwa hiyo asili ya Sargeras huenda ikaguswa tena. Waiguse. Waongeze Titani waongo, waongeze siri ambazo Sargeras alifichwa, hata wamgeuze Utupu wakipenda. Nikifika kwenye ile sayari iliyopasuliwa, nitatafuta jambo moja tu: je, kabla ya kuinua upanga alikuwa na njia nyingine, na je, aliijua?