Mzamiaji wa usalama wa umma ni nani?

Mzamiaji wa usalama wa umma ni askari au mwokoaji aliyefunzwa kuingia chini ya maji kwa kazi mbili ambazo Kiswahili kinazitenga kwa maneno yanayokaribiana sana: kuokoa na kuopoa. Anayeokolewa bado ana uhai. Kinachoopolewa ni mwili, mtumbwi uliozama au silaha iliyotupwa majini. Mafunzo yote yamejengwa juu ya tofauti hiyo, kwa kuwa hatari kubwa hukubaliwa pale tu ambapo mtu anaweza kutolewa akiwa hai, na muda wenyewe ni mfupi mno. Ukishapita, kikosi husubiri mapambazuko au mkondo upungue, hata kama jamaa wamekesha ufukweni wakilia, na kusubiri huko nako hufundishwa.

Kujua kuogelea hakutoshi, wala cheti cha kuzamia kwa starehe. Karibu na mwambao wa Ziwa Victoria, tope likitibuka mzamiaji haoni hata kiganja chake. Kwa hiyo mwanafunzi huweza kuanzia nchi kavu, kioo cha barakoa kimezibwa, akitambaa nyasini na kupapasa kwa mkono mmoja huku kamba imekazwa nyuma yake. Ncha ya pili imeshikwa na mwenzake, ambaye humwongoza kwa mivuto waliyokubaliana: wa kugeuka, wa kusimama, wa kurudi. Humpitisha kwa upinde, kwenda na kurudi, akibadilisha urefu wa kamba kidogo kila mara na kuweka kumbukumbu ya eneo lililokwisha kupekuliwa. Kwangu mimi mshika kamba huyu ni nusu ya mzamiaji, ingawa hatajwi sana. Kando yao hukaa mzamiaji wa akiba, amekwisha kuvaa, tayari kumfuata mwenzake akinasa kwenye nyavu.

Uganda ina jambo lake la ziada. Uso wa Ziwa Victoria uko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya pwani. Nitrojeni iliyoyeyuka mwilini kwa kina hutoka kama viputo mzamiaji akipanda haraka, na hewa ikiwa nyepesi viputo hutokea kwa urahisi zaidi. Ndiyo maana majedwali ya kuzamia ya baharini, yaani orodha za muda ambao mzamiaji anaweza kukaa katika kila kina, hurekebishwa kuanzia mwinuko wa mita 300 hivi. Anayezamia Entebbe kwa jedwali la Mombasa anajiweka katika hatari ya maumivu makali ya viungo, hata kupooza.

Katika uopoaji, mwili ukipatikana hutiwa kwenye mfuko palepale chini kila inapowezekana, ili ushahidi ulio kwenye nguo na ngozi usisombwe na maji njiani, na ili waliosimama ukingoni waone mfuko uliofungwa ukipandishwa.