Redio ya umma si redio ya serikali

Redio ya umma ni mali ya wananchi wote, huendeshwa kwa kodi zao na matangazo ya biashara kidogo, na sheria inaitaka iwahudumie wote. Maana yenyewe haina ugumu. Tatizo ni mazoea: hapa Lamu, tangu barazani Mkunguni hadi kwenye maboti ya Mokowe, KBC, shirika la utangazaji la Kenya, huitwa "redio ya serikali", na Pwani FM, ambayo ni idhaa ya KBC hiyo hiyo, huitwa "redio ya jamii" kwa kuwa tu inasema Kiswahili cha kwetu.

Maneno haya hayana asili moja. Serikali ni Kiajemi, sarkar: sar ni kichwa, kar ni kazi, yaani aliye juu ya kazi. Umma ni Kiarabu, watu wote waliofungamana kwa jambo moja, ukoo usitazamwe. Jamii pia ni Kiarabu, shina moja na jamaa, jumuiya na Ijumaa: waliokusanyika. Ndiyo maana redio ya jamii huendeshwa na wakazi wa eneo lake, na chochote inachopata hurudi kituoni.

Lamu tuna mfano ulio karibu zaidi. Shamba la minazi lililowekwa wakfu kwa msikiti lina msimamizi. Yeye ndiye huangusha nazi, akauza, akalipa umeme wa msikiti. Hakuna amwitaye mwenye shamba. Serikali nayo ni msimamizi tu wa redio ya umma.

Zamani jina "redio ya serikali" lilikuwa sahihi. Tangu 1964 Sauti ya Kenya ilikuwa chini ya wizara moja kwa moja. Mwaka 1989 ikawa shirika, KBC. Kisha Katiba ya 2010, kifungu cha 34, ikasema vyombo vya habari vya dola, KBC ikiwamo, vijiamulie vyenyewe cha kutangaza, visipendelee, na vitoe nafasi kwa maoni yanayopingana.

Mtu atauliza: mwenyekiti wa bodi si huteuliwa na Rais? Ndiyo, na kasoro huingilia hapo. Anayeteua akiwa pia ndiye mwenye kutoa fungu la bajeti, mhariri hujikata ulimi kabla hajaambiwa. Lakini msimamizi akila nazi za wakfu, shamba halikuwa lake.

Kwa hivyo redio ya umma ikisoma hotuba ya waziri robo saa, na mpinzani wake asipewe hata dakika, tafadhali usiseme "si redio yao?" Sema kifungu cha 34 hakikufuatwa.